Hesabu Siku, Usihesabu Vidonge



Leo naongea na wewe unayefunga vidonge kwenye pindo la leso kabla hujajitwika kikapu cha chai kule Kebirigo. Nawe unayeuza ndizi Daraja Mbili huku umefumba jicho moja kwa sababu mwanga wa jua unaliumiza. Nawe mwalimu wa Keroka unayewageuzia wanafunzi mgongo, ukajifanya unaandika ubaoni, hadi kichefuchefu kipite. Swali lenu ni moja, mnaliuliza tu kwa maneno tofauti: "Dada, nimeambiwa nianze kumeza dawa kila siku, hata siku ambayo siumwi. Kwa nini nijitie kwenye utumwa wa dawa na mimi si mgonjwa wa kudumu?"

Nitajibu, lakini kwanza tuambiane ukweli. Ikiwa kichwa kinakulaza siku 4 au zaidi kila mwezi, na hali hiyo imeendelea miezi na miezi, basi wewe tayari unaishi na ugonjwa wa kudumu. Kilichokosekana ni tiba yake. Mimi pia naishi na kipandauso na nimeitumia dawa ya kuzuia, kwa hiyo siwaletei habari za kusimuliwa.

Hatuko wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu bilioni 3.1, karibu asilimia 40 ya watu wote duniani, walisumbuliwa na maradhi ya kichwa ya aina moja au nyingine. Kipandauso peke yake humpata takriban mtu 1 kati ya 7, na huwashika wanawake karibu mara 3 kuliko wanaume. Kwenye chama chenu cha akina mama 20, hesabu mwenyewe.

Tuhakikishe basi kwamba tunazungumzia kitu kimoja. Kipandauso mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, ingawa si lazima. Hudunda sawa na mapigo ya moyo. Ukiinama kufagia au ukipanda mlima kutoka mtoni, kinazidi. Mwanga unakuudhi, kelele inakuudhi, harufu ya mafuta ya taa inakutapisha. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi saa 72, kisha kinaondoka na kukuacha umechoka kama aliyelima siku nzima. Baadhi yetu, kabla maumivu hayajaanza, huona nyota au mistari ya pembepembe inayometameta, au ganzi hutambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi saa nzima.

Huku kwetu kichwa kikiuma, neno la kwanza ni malaria na la pili ni taifodi. Kupima malaria ni sawa kabisa. Milima ya Kisii na Nyamira ni eneo ambalo malaria huja kwa milipuko, na watu wa milimani hawana kinga ya mwili waliyo nayo wenzao wa kando ya ziwa, kwa hiyo homa pamoja na kichwa ni sababu ya kwenda dispensari siku hiyohiyo. Ninachokikataa ni mtu mmoja kutibiwa taifodi mara tatu au nne kwa mwaka, bila homa yoyote, kwa sababu ya kipimo cha Widal. Kipimo hicho hakitegemeki. Kinaweza kumwambia mtu ana taifodi ilhali hana. Unarudi nyumbani na antibiotiki za wiki mbili, kichwa kinatulia siku ya tatu, unasifu dawa. Kichwa hicho kilikuwa kitulie siku ya tatu hata bila hiyo dawa, na mwezi ujao kitarudi.

Kuna kichwa kingine ambacho hakingoji ushauri wangu. Kichwa kilicholipuka ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja, chenye uchungu ambao hujawahi kuujua. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa. Kichwa kinachofuatana na kulegea upande mmoja, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa au kifafa. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, kwa mtu aliyeanguka na boda boda hivi karibuni, au kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kichwa kwa mjamzito aliyepita wiki 20, hasa akiona ukungu au akivimba uso, kwa sababu hiyo inaweza kuwa presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Hawa wote waende hospitali leo, hata kama ni usiku.

Turudi kwa kichwa chetu kinachokuja na kwenda. Wazee wa Gusii hawakudharau maumivu ya kichwa. Hii ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako upasuaji wa fuvu wa kienyeji uliendelea hadi karne ya 20. Omobari, fundi wa upasuaji huo, alipasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa taratibu, akaondoa sehemu aliyoona ndiyo chanzo cha uchungu. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wamepigwa au wameanguka, jeraha likapona lakini maumivu yakabaki miezi au miaka. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyesimamia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika miaka ya 1950, aliwafuatilia ababari na wagonjwa wao na kuandika juu yao, na katika miaka ya 1980 madaktari wa upasuaji walikuwa bado wanachapisha makala kuhusu kazi hiyo. Simtumi mtu kwa omobari. Kipandauso hakiponi kwa kisu, na upasuaji wa kichwa mahali pake leo ni hospitalini. Nawakumbusha haya kwa ajili ya yule shemeji anayesema, "Si ni kichwa tu?" Mtu anayekubali kukaa chini akwanguliwe fuvu bila dawa ya usingizi ya hospitali hakuwa anaumwa kichwa tu. Alikuwa amefika mwisho wa subira yake, na jamii yake ilimwelewa kiasi cha kumwekea fundi.

Maumivu yasiyoonekana yana hatari nyingine pia, na hili nalisema kwa uchungu. Damu imepimwa, haina kitu. Picha ya kichwa imepigwa, ni safi. Bado mtu anatapika kila wiki. Hapo ndipo minong'ono inapoanza na kidole kinapomtafuta jirani. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Naomba jina la mama au nyanya yeyote lisitajwe kwa sababu ya kichwa chako. Kipandauso hufuata ukoo kwa njia ya kurithiwa. Muulize mama yako, shangazi zako na nyanya yako walikuwaje walipokuwa vijana, na mara nyingi utampata aliyekuwa akijifungia chumbani na kitambaa kichwani siku mbili kila mwezi. Ulizaliwa na ubongo ulio mwepesi kushtuka kwa usingizi uliokatika, njaa, hedhi au mwanga mkali. Picha safi inaonyesha kwamba hakuna uvimbe. Haionyeshi kwamba unadanganya.

Sasa tuje kwenye kuhesabu siku kwa kalenda.

Chukua ile kalenda ya ukutani ya kanisa au ya duka la mbolea. Kila siku kichwa kinapouma, andika K. Kila siku unayomeza dawa yoyote ya maumivu, hata kama ni kidonge kimoja cha dukani, andika D. Siku za hedhi andika H. Kikikulaza kitandani, zungushia K duara. Hakuna zaidi. Mwisho wa mwezi hesabu.

Nasisitiza siku kwa sababu sisi wengi tunahesabu vidonge. Tunajisifu: "Leo nimemeza viwili tu." Lakini ubongo wenye kipandauso unajali ni siku ngapi za mwezi umeupa dawa ya maumivu. Ukitumia parasetamoli, aspirini au ibuprofeni peke yake siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaanza kuzalisha kichwa. Kwa dawa za mchanganyiko na zile zenye kodeini, mpaka huo ni siku 10 tu. Na dawa nyingi za kichwa tunazouziwa rejareja madukani ni za mchanganyiko. Geuza pakiti usome. Ukiona parasetamoli pamoja na kafeini, kama ilivyo Panadol Extra, au aspirini pamoja na vyote viwili, basi mpaka wako ni siku 10.

Hali hiyo ina sura yake na ukiijua utaitambua. Unaamka alfajiri kichwa tayari kinauma. Unameza. Kinapungua hadi saa sita. Kinarudi. Unameza tena. Maumivu yamekuwa ya kila siku, hayana tena ule ukali wa zamani ila siku moja moja, na kila dawa inaonekana imepoteza nguvu. Unabadilisha aina, unaomba "ile kali". Mama mwenye duka anakuonea huruma na kukuongezea. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, ila mnazunguka mlemle. Kutoka humo kunataka kupunguza dawa za maumivu, na siku za mwanzo kichwa kitakasirika zaidi, kwa kawaida kwa siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi kidogo. Unayetumia kodeini au dawa kali za usingizi usiache peke yako, nenda upangiwe. Na hapa ndipo dawa ya kuzuia inapokuwa mkono wa kukushika.

Hiyo haina maana usitibu kichwa kikija. Kitibu vizuri. Kosa la kawaida ni kungoja: "Nione kama kitapita." Dawa ya maumivu hufanya kazi zaidi ikiingia mapema, tena kwa kipimo kamili. Mtu mzima hutumia parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, au aspirini miligramu 900. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu aepuke ibuprofeni na aspirini, mjamzito pia asimeze hizo bila kuuliza, na mtoto asipewe aspirini. Kama unatapika, omba dawa ya kichefuchefu kama metoklopramaidi, kwa sababu tumbo lenye kipandauso hulala na kidonge kinakaa humo bila kufika damuni. Ipo pia sumatriptani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2021. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa haimfai. Na yeyote anayeuziwa dawa yenye ergotamini aseme kwanza dawa nyingine anazotumia. Ikikutana na ritonaviri, ambayo imo katika baadhi ya dawa za UKIMWI, au antibiotiki kama erithromaisini, inaweza kubana mishipa ya damu hadi vidole vioze.

Tuje kwa dawa ya kila siku.

Mkulima wa milima yetu hangojei mvua ibebe udongo ndipo achimbe matuta. Dawa ya kuzuia ni kazi ya aina hiyo. Haitulizi kichwa kilichokwisha kuanza. Inautuliza ubongo ili usishtuke upesi, mashambulizi yawe machache, mafupi, na yanayokubali dawa ya kawaida. Inakufaa kama kalenda inaonyesha K nne au zaidi kila mwezi zinazokuharibia kazi, au K chache lakini zenye duara za kukulaza kabisa, au kama dawa za maumivu hazikusaidii ama mwili wako hauziwezi, au kama D zako zinakaribia 10. Ikiwa una K moja kila miezi miwili na parasetamoli inaitoa, huihitaji. Usimeze kwa sababu jirani anameza.

Najua kinachowafanya wengi kuziacha baada ya wiki moja, na sababu yenyewe ni aibu. Mtu anaandikiwa propranololi, anafika duka la dawa, muuzaji anamwuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Wewe una presha?" Mwingine anaandikiwa amitriptilini, anasoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, anaona sonona, anaingiwa na hofu kwamba daktari amemwona mwendawazimu. Mwingine anapewa topirameti, mama mkwe anaitambua kuwa dawa ya kifafa ya mtoto wa jirani, na kabla ya Jumamosi kanisa zima limejua kwamba bibi harusi ana kifafa.

Sikilizeni. Propranololi ilibuniwa na timu ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1988. Mwaka wa 1966 madaktari waliripoti kwamba mgonjwa waliyempa kwa maumivu ya moyo alipata nafuu ya kipandauso pia. Hawakuwa wanaitafuta hiyo. Ikachunguzwa, ikathibitika, na leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu duniani kama dawa ya kuzuia kipandauso. Amitriptilini nayo, kwa kichwa, huanzia miligramu 10 usiku na wengi huishia 25 au 50, ilhali kwa sonona inaweza kufika 150. Dawa ni ileile, kazi ni nyingine, kipimo ni kingine. Na hata angekuwa na sonona au kifafa, kuna aibu gani hapo? Hayo nayo ni maradhi yenye tiba.

Ipi ikufae, hiyo ni ya kuzungumza na daktari au afisa wa kliniki, na wewe ndiye mwenye habari anazozihitaji. Una pumu? Sema kabla kalamu haijaanza kuandika, kwa sababu propranololi inaweza kukubana kifua vibaya sana. Mapigo ya moyo wako ni ya polepole? Sema. Propranololi kwa kawaida huanza na miligramu 40 mara moja au mbili kwa siku, kisha hupandishwa. Huenda ukachoka upesi mwanzoni na vidole vikawa baridi, jambo utakaloliona sana asubuhi za Nyansiongo kwenye majani ya chai yenye umande. Usiiache ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu moyo haupendi kushtuliwa.

Amitriptilini inamfaa hasa anayekosa usingizi. Inalaza. Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, si ukiwa umekwisha kupanda kitandani, la sivyo utaamka nayo. Mdomo unakauka, mimi nilitembea na chupa ya maji hadi mwili ulipozoea. Uzito unaweza kuongezeka. Wewe wa boda boda, usibebe abiria siku za mwanzo kabla hujajua inakufanyaje. Na iwekeni mbali sana na watoto, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto.

Kuna mbili ambazo wanawake nataka wazisikie kwa makini. Valproeti hupunguza kipandauso, lakini mwanamke anayeweza kupata mimba asipewe kwa ajili ya kichwa. Kwa waliobeba mimba wakiitumia, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua na kujifunza. Ukiandikiwa na wewe bado unazaa, uliza, "Hakuna nyingine?" Una haki ya kuuliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Topirameti nayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni na inaweza kudhoofisha nguvu ya vidonge vya mpango wa uzazi na vijiti vya mkononi. Wengi wenu mna vijiti. Anayetumia dawa hizo mbili kwa ajili ya kifafa asiziache mwenyewe kwa kusoma haya. Arudi kwa daktari wake wapange upya.

Mpango wa uzazi wenyewe una neno. Ikiwa kabla ya kichwa unaona ile mistari inayometameta au unapata ganzi, mwambie muuguzi wa kliniki. Vidonge vyenye homoni mbili pamoja, yaani vile vyenye estrojeni, huongeza hatari ya kiharusi kwa mwanamke wa aina hiyo. Sindano ya miezi mitatu, vijiti na koili havina estrojeni. Kwa waliobeba mimba kuna habari njema: wengi hupumzika kipandauso baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo ukipanga kuzaa, panga pia kuzungumza juu ya dawa yako kabla, si baada ya kukosa hedhi.

Sasa subira, maana hapa ndipo tunapopoteza wengi. Dawa ya kuzuia haifanyi kazi wiki ya kwanza. Inapandishwa polepole, na ikishafika kipimo chake usiihukumu kabla ya wiki 8; mara nyingine inataka 12. Anayeacha baada ya wiki tatu akisema imeshindwa hajaijaribu. Na hakuna anayekuahidi kwamba kichwa hakitauma tena. Daktari akiona K zako zimeshuka kutoka 10 hadi 5, huita hiyo mafanikio, na ukiziishi hizo siku 5 ulizorudishiwa, nawe utaziita hivyo. Kalenda ndiyo itakayokuonyesha, kwa sababu siku kichwa kinapouma unasahau siku zote ambazo hakikuuma.

Ya kwanza ikikosa, kuna ya pili. Zipo pia sindano mpya za mara moja kwa mwezi zilizotengenezwa mahsusi kwa kipandauso. Ya kwanza, erenumabu, iliidhinishwa Marekani Mei 2018. Bei yake haijamfikia mkulima wa chai anayengoja bonasi ya Oktoba. Propranololi na amitriptilini ni za zamani na nafuu, na huhitaji kwenda Nairobi kuzianza. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wengi wako huko, lakini daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii anaweza kukuanzishia, na afisa wa kliniki mwenye uzoefu kwenye kituo chenu cha afya pia. Kama hukujisajili tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, jisajili kabla hujaugua, usingoje foleni ya dharura.

Kuhusu chakula, nitasema kidogo. Utapata orodha zilizoandikwa mbali zinazokukataza ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Mkisii aache ndizi ale nini? Ushahidi wa makatazo hayo ni dhaifu. Tena hamu ya ghafla ya kitu fulani na miayo isiyoisha huweza kuwa kichwa kilichokwisha kuanza taratibu ndani ya ubongo, na chakula kikasingiziwa. Kula mboga ya chinsaga, kula ugali wa obokima, lakini kula kwa wakati. Njaa ni chanzo chenye ushahidi zaidi kuliko ndizi. Wachumaji wanaotoka alfajiri bila kitu tumboni wanajua ninachosema.

Ndiyo maana kufunga kwataka uangalifu. Waadventista wengi wa Gusii hufunga na kuomba, na ni jambo la heshima. Kama kalenda yako inaonyesha K baada ya kila mfungo, mwendee mzee wa kanisa umweleze. Zipo njia nyingine za kujinyima. Na anayekunywa chai nzito siku zote za kazi kisha akaiacha kabisa Sabato ajue kwamba kukosa kafeini ghafla huleta kichwa ndani ya siku moja au mbili. Aipunguze juma zima, au aiache kabisa polepole.

Kwa waume na mama wakwe wanaosoma hapa, na najua mpo, ombi langu ni dogo. Akisema kichwa kimeanza, mpeni chumba chenye giza, punguzeni redio, na mtu mwingine achote maji. Msimwambie ajikaze. Amejikaza miaka. Dakika 30 za kwanza zikiheshimiwa, akameza dawa yake na kulala, mara nyingi ataamka na kuendelea. Mkimkimbiza shambani, mmempoteza siku mbili.

Siku ya kliniki, nenda na kalenda ya miezi miwili au mitatu na pakiti tupu za kila dawa unayotumia, hata za mitishamba andika jina. Usianze na hadithi ndefu. Sema: "Kichwa kinaniuma siku hizi kwa mwezi, kinanilaza siku hizi, dawa za maumivu nimezitumia siku hizi." Kisha uliza inaanza kwa kipimo gani, itapanda lini, nirudi lini, na dalili gani ikinitokea niache na kuja mara moja. Ukirudi na hali imetulia kwa miezi 6 hadi 12, mtazungumza kuhusu kuipunguza pole pole muone kama ubongo umetulia wenyewe. Kwa wengine hutulia. Kwa wengine K hurudi, na dawa ileile huanzishwa tena.